Upande wa Kushoto wa Darubini

Katika karakana ile ya ushonaji, mtu akitaka kujua kama macho yake bado yako kazini, haendi hospitali. Anakwenda meza ya mwisho, kwa Darubini. Darubini anampa sindano nyembamba kuliko zote, anamkatia uzi, anamwambia tunga. Ukitunga mara ya kwanza, macho yako ni ya kijana. Mara ya pili, wewe ni mtu mzima, nenda kafanye kazi. Ukifika mara ya nne anakunyang'anya sindano na kukuuliza kwa upole kama wosia umeshaandika.

Mafundi kumi na wanne waliokuwa wakishona sare za shule pale walikiamini kipimo hicho kuliko cheti chenye muhuri. Na nani angebisha? Mtu anayeliona tundu la sindano, kitu gani kingine kitamshinda kukiona? Ukuta?

Mwenyewe Darubini alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, na alikuwa anatunga mara ya kwanza. Kila siku. Anafumba jicho la kushoto, anatoa ncha ya ulimi, anaupeleka uzi, na uzi unapita kama mtu anayeingia kwao. Jina hilo la Darubini alipewa na mdogo wake wa kiume, Chaki, mkataji wa vitambaa, ambaye naye aliitwa Chaki kwa sababu kipande cha chaki kilikaa nyuma ya sikio lake mpaka kanisani na misibani. Watoto wa tumbo moja, wawili tu, karakana moja, miaka ishirini na ushee.

Sasa hilo jicho la kushoto. Darubini alianza kulifumba akiwa na miaka kumi na sita, siku baba yake, fundi naye, alipomkalisha kwenye cherehani na kumwambia tundu moja linatosha jicho moja. Miaka arobaini akalifumba. Kutunga, analifumba. Kukagua mshono, analifumba. Kutazama kama kola imekaa sawa, analifumba. Jicho likawa kama yule mfanyakazi aliyeandikwa kwenye orodha lakini hakuna anayemtuma kitu. Siku akiacha kuja, nani atajua?

Ikawa Jumanne moja asubuhi, vumbi la kitambaa likamwingia Darubini jicho la kulia. Jambo la kawaida, linampata kila fundi. Akaliziba kwa kiganja, akisubiri machozi yalitoe. Na karakana ikazimika.

Haikuwa giza. Afadhali ingekuwa giza, giza mtu unalijua. Ilikuwa kama shuka la kijivu limetandikwa mbele ya uso wake, na nyuma ya shuka cherehani zinanguruma, watu wanaongea, mtu anacheka. Akaondoa kiganja. Karakana ikarudi, kila sare mahali pake. Akaziba. Ikaondoka.

Alikwenda chooni, akafunga mlango, akajaribu tena. Akajaribu mara nane, kama mtu anayefungua friji kila baada ya dakika mbili akitegemea safari hii chakula kitakuwa kimejipika. Mara ya tisa akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hapo ndipo mambo yalipoanza kujipanga kichwani mwake, moja moja, kama watu wanaoingia msibani.

Ile meza ya pasi iliyokuwa inamgonga paja kila wiki, akawa anamlaumu mfagiaji kwamba anaisogeza. Ngazi ya nyumbani aliyoikosea. Na Mama Vifungo! Mama Vifungo, mwanamke mnene mcheshi aliyeshona vifungo kwenye meza ya kushoto kwake, tangu mwanzo wa mwaka alikuwa hamsemeshi. Alikuwa anawaambia wenzake kwamba Darubini siku hizi ana maringo, unampungia mkono anakupita kama mti. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa anapungiwa mkono upande ambao dunia ilishaisha.

Hospitali alikwenda peke yake, na kazini aliaga kwamba anakwenda kumwona mgonjwa. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo.

Herufi za ukutani, kwa jicho la kulia, alizisoma mpaka mstari wa mwisho, akamsomea muuguzi hata jina la kiwanda lililochapishwa chini kabisa. Kwa jicho la kushoto alimwuliza ukuta uko wapi. Daktari, msichana ambaye angeweza kuwa mwanawe, akampima presha ndani ya macho, akammulika, akamwingiza uso kwenye bakuli kubwa jeupe na kumpa kitufe: kila ukiona nukta ya mwanga, bonyeza. Darubini akakaa. Akasubiri. Alibonyeza, kisha nukta zikakatika kwa muda, akadhani mashine imeharibika, akataka kumwita mtu aje aitazame. Mashine ilikuwa nzima. Nukta zilikuwa zinawaka kila upande, na zile za pembeni zilikuwa zinamulika mtu ambaye hayupo.

Daktari alimweleza bila kuzunguka. Ugonjwa huo watu huuita presha ya macho, kitaalamu ni glakoma, na hauna uhusiano na presha ile ya moyo. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka kila siku. Njia ya kutokea ikikwama, yanabana, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa taratibu. Unaanzia pembeni, katikati unapaacha mwisho. Hauumi, hauwashi, na jicho moja linamfichia mwenzake. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limeanza kuliwa pembezoni, lakini bado lipo, na dawa ya matone ni ya kulilinda lililobaki. Atatia asubuhi na usiku, maisha yake yote. Kilichokwenda hakirudi.

Darubini akauliza kama hakirudi hata kidogo. Akaambiwa hata kidogo. Akauliza tena kwa maneno mengine, kama mteja anayejaribu bei, akapata jibu lile lile.

Ndipo daktari akauliza habari za familia. Baba? Baba miaka yake sita ya mwisho alitembea akishika kuta, na nyumba nzima ikasema ni uzee. Daktari akaacha kuandika.

"Una ndugu wa tumbo moja?"

"Ninaye mmoja. Mdogo wangu, ana arobaini na tisa."

"Mlete wiki hii. Huu ugonjwa unatembea ndani ya familia, mama. Akipatikana mapema, anabaki na macho yake."

"Yeye hana tatizo, daktari. Anatunga sindano mara ya kwanza."

Daktari akamtazama. "Na wewe je, hutungi?"

Swali hilo Darubini alitoka nalo, akalipeleka mpaka nyumbani, akalala nalo. Na wiki hiyo hakumleta mtu.

Siyo kwamba hakumpenda mdogo wake. Tatizo lilikuwa hivi: kumwambia Chaki ni sawa na kupanda juu ya meza na kutangaza. Chaki akijua saa tatu, saa nne msimamizi kajua, na saa tano nani atamwacha mkaguzi wa sare mwenye jicho moja? Kukagua ndiyo ilikuwa kazi yake ya siku hizi. Kila sare ilipita mikononi mwake kabla ya kukunjwa. Ukimwondolea hiyo, unabakiza nini? Mwanamke mjane mwenye jina la utani linalomcheka.

Basi akajiambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, akajiambia ngoja sare za muhula zitoke. Sare zikatoka. Matone akawa anatia akikumbuka, maana yalikuwa yanawasha na hayakurudisha chochote. Alikuwa kila asubuhi anaziba jicho la kulia kuona kama la kushoto limejirudi, kama mtu anayechungulia dirishani kumsubiri aliyekwisha zikwa. Miezi mitano ikapita hivyo.

Alipokwenda siku ya miadi, daktari alimpima, akatazama namba, akamwuliza kama matone anatia kila siku. Darubini akasema ndiyo. Namba zikasema hapana. Daktari hakugomba, alimweleza tu kwamba dawa hii haitoi shukrani, huoni inachokifanya, unaona tu siku ukiiacha. Kisha akageuza karatasi.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Ana kazi nyingi."

"Kazi gani?"

"Mkataji. Mashine ya umeme, yenye kisu."

Daktari akafunga faili. Darubini aliona bora angetukanwa.

Alirudi karakana mchana ule ule. Anaingia tu mlangoni, akamwona Chaki anatoka kwenye meza ya kukatia na furushi la vitambaa begani, na kutoka kulia kwake linakuja toroli la sare zilizopigwa pasi, linasukumwa na Mama Vifungo, linalia magurudumu kama mbuzi. Kila mtu alilisikia. Chaki akaliendea moja kwa moja, akaligonga. Sare thelathini chini, Chaki juu yake, furushi juu ya Chaki. Karakana ikaangua kicheko, na yeye mwenyewe, akiwa bado sakafuni, akamwuliza Mama Vifungo leseni ya udereva ameipatia wapi.

Darubini hakucheka. Aliona plasta kwenye kidole cha mkono wa kulia wa Chaki, na nyingine kwenye kiganja, na akakumbuka kwamba mwaka huu hajawahi kuuona mkono ule bila plasta. Aliona anavyogeuza kichwa kizima, kama kuku, kutafuta chaki iliyoanguka kulia kwake. 

Akamvuta stoo, kati ya majora ya vitambaa, akamwambia. Yote: jicho la kushoto limekufa, baba hakuwa na uzee bali ugonjwa, na ugonjwa huo huenda na yeye anao, kesho waende hospitali. Alisema kwa kasi, na machozi yakamtoka.

Chaki akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akapiga makofi.

Sasa hapa lazima ueleweke ukoo wenyewe. Hawa ndugu walikuwa wanadanganyana tangu hawajaota meno ya pili. Chaki aliwahi kushona mkono wa koti la dada yake kwenye kitambaa cha meza, siku ya posa yake. Darubini aliwahi kujifanya amepoteza sauti siku tatu nzima, karakana yote ikawa inamwandikia kwenye vikaratasi, watu wazima, mpaka Mama Vifungo akaleta asali. Aliwahi kuzimia, akamwagiwa maji, akaendelea kuzimia, akaamka pale tu Chaki alipoanza kulia. Machozi? Machozi alikuwa anayatoa kama bomba. Kila mmoja alikuwa na deni la kumlipa mwenzake, na zamu ilikuwa ya Darubini.

"Safari hii umefanya mazoezi," Chaki akasema. "Ile ya baba ndiyo imenimaliza. Baba umemtia humo kweli, dada?"

"Naapa."

"Uliapa na ulipozimia."

"Nilizimia, niliapaje?"

"Ndiyo maana sikukuamini."

Akatoka stoo anacheka, na kabla jora halijakaa sawa, karakana nzima ilishajua kwamba Darubini eti ni kipofu. Mafundi wakaja mmoja mmoja kumpa pole huku wakiuma midomo. Mmoja akampa sindano. Darubini, kwa hasira, akaitunga mara ya kwanza. Wakashangilia, na akajiona mjinga wa kutupwa.

Usingizi wa siku hiyo ulikuwa wa mang'amung'amu. Alitia matone. Akamwomba Mungu, kisha akamgombeza, kisha akaomba msamaha kwa kumgombeza, maana hakuwa na mwingine wa kumwamini.

Asubuhi Chaki alilipiza. Aliingia kazini kachelewa makusudi ili wote wawe wamekaa. Jicho la kushoto amelifunika kwa kipande cha bitana nyeusi chenye mpira, alichokishona mwenyewe, kazi safi, hata pindo limetiwa. Mkononi ana fimbo ya kupimia. Anatembea kwa kupapasa, sauti nyembamba ya kike: jamani Darubini nakuja, nipisheni, kitambaa hiki ni cheupe au ni Jumatano? Watu wakalala juu ya cherehani. Msimamizi mwenyewe, mtu aliyecheka mara mbili kwa mwaka, akaegemea mlango akijifuta macho.

Chaki akashuka na njia ya katikati. Akafika kwenye meza ya pasi, iliyokuwa kulia kwake, akajigonga nayo nyonga kwa kishindo kikubwa, pasi ikaruka. Kicheko kikapanda mpaka bati. Kila mtu aliona ni sehemu ya mchezo, na mchezo mzuri.

Darubini peke yake alikuwa anamtazama usoni. Na usoni Chaki hakuwa anacheza. Kwa muda wa kufumba na kufumbua, alikuwa na uso wa mtu aliyesukumwa na mtu asiyemwona. Akaipapasa meza kwa mkono, sasa kweli, kisha akakumbuka yuko jukwaani, akatabasamu.

"Kaa," Darubini akasema.

"Kipofu mwenzangu anaita."

"Kaa hapa, mbele yangu. Usitoe hicho kitambaa."

Chaki akakaa kwenye kigoda, magoti kwa magoti, akawakonyeza watu. Darubini akachukua rili ya uzi mwekundu mezani.  Jambo lenyewe alilifanyiwa na daktari kwa kalamu, alilikumbuka vizuri. Akamwambia Chaki atazame pua yake, asihamishe jicho, na akiiona rili aseme.

"Na nikiiona napata nini?"

"Tazama pua."

Akainyoosha rili mbali kulia kwa Chaki, karibu na usawa wa sikio, akaanza kuileta mbele taratibu. Watu wakasogea. Rili ikalipita sikio. Ikafika usawa wa shavu. Nyekundu, kubwa kama yai, chini ya taa.

"Toa basi," Chaki akasema.

 Darubini akaishusha, akaileta kutoka chini. Akaipandisha, akaileta kutoka juu ya kipaji.

"Dada, toa. Watu wana kazi."

"Nimeshatoa."

"Hujatoa kitu." Akacheka. "Anafikiri nitasema naiona, halafu aseme hakuna rili. Mchezo wa kitoto huo."

Hakuna aliyecheka. Cherehani zote zilikuwa zimenyamaza, na Mama Vifungo alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Chaki alisubiri kicheko, kisichokuja, akasubiri kidogo zaidi. 

"Mbona mmenyamaza?" akauliza.

Mama Vifungo ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo isiyo yake. "Mdogo wangu, iko hapo shavuni kwako."

Chaki akang'oa kile kitambaa cheusi. Akageuka, akaikuta rili iko hewani karibu na uso wake kama imeota hapo. Akaitazama. Akairudisha bitana jichoni mwenyewe, taratibu, akatazama pua ya dada yake. Akaitoa. Akairudisha. Darubini aliijua hesabu ile, yeye ilimfikisha mara tisa.

Hospitali waliingia kabla ya saa sita. Msimamizi ndiye aliyewasimamishia gari, na kabla hawajapanda alimwambia Chaki, bila kumtazama, kwamba mashine ya kukatia atakabidhiwa mwingine kwa sasa. Chaki akaitikia sawa, kama mtu aliyeulizwa saa.

Wakampima. Herufi alizisoma zote, kwa macho yote mawili. Bakuli jeupe lile lile, kitufe kile kile; Darubini alikaa nje kwenye benchi akisikiliza kitufe kupitia mlango ulioachwa wazi. Kwa jicho la kushoto kilibonyezwa sana, tak, tak, tak, na kila tak alijikuta anaitikia kwa kichwa. Ikaja zamu ya jicho la kulia. Tak. Kimya. Kimya kirefu. Akajibana vidole mpaka kucha zikaacha alama.

Daktari aliwaketisha wote wawili. Jicho la kulia la Chaki lilikuwa limeliwa sana, limebaki na tundu dogo la katikati, ndiyo maana herufi anazisoma. La kushoto limeguswa kidogo tu. Hilo linaweza kulindwa, na lina kila sababu ya kulindwa, akianza dawa leo. Na watoto wake wapimwe, wasisubiri kuona tatizo, maana tatizo hili likionekana limeshakula.

Chaki alikuwa ameshika chaki yake, anaizungusha. Akauliza kilichokwenda kama kinarudi. Darubini akafumba macho asilisikie jibu.

Kisha Chaki akageuka, kichwa kizima.

"Dada, wewe ulijua lini?"

Angeweza kusema wiki iliyopita. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na daktari alikuwa anatazama karatasi zake kwa heshima ambayo ingemwacha apite nalo. Maisha yake yote alimdanganya huyu mtu kwa raha zake, na hii ingekuwa ya mwisho na yenye faida kuliko zote.

"Miezi mitano," akasema. "Niliambiwa nikulete wiki ile ile. Niliogopa kazi yangu."

 Unga wa chaki ulikuwa unamdondokea Chaki kwenye suruali.

"Daktari," akasema mwishowe, "katika miezi mitano linaliwa kiasi gani?"

"Siwezi kukwambia ni kiasi gani," daktari akajibu. "Na siwezi kukwambia hakuna."

Walirudi kwa gari moja, kila mmoja na dirisha lake.

Siku tisa Chaki hakumsemesha. Alikuwa amewekwa meza ya kukunja, anakunja mashati, anapanga, anakunja. Hakumtania mtu. Karakana ikawa kama nyumba iliyoibiwa redio. Msimamizi alimwacha Darubini kwenye kukagua, kwa sharti kwamba Mama Vifungo ahamie kulia kwake na kupitia sare mara ya pili. Lile jambo aliloliogopa miezi mitano likamalizika kwa kuhamishwa kigoda. Hilo ndilo lililomtafuna kuliko yote. Angelisema siku ile ya kwanza, lingechukua robo saa. Alikuwa anaamka nalo, anatia matone yake saa mbili kamili asubuhi na saa mbili kamili usiku, sasa bila kukosa, na kila tone likishuka alikuwa anajua jicho analolilinda ni lipi na lile aliloliacha liliwe lilikuwa la nani.

Siku ya kumi, asubuhi kabla ya kazi, alisikia hodi nyumbani kwake. Chaki alikuwa mlangoni, uso umevimba kwa kukosa usingizi, shati limelowa kolani. Mkononi ana kichupa.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Siwezi kujitia. Nikileta kichupa, jicho linafumba lenyewe. Nusu ya dawa imekwenda shavuni." Akaipangusa kola yake. "Mke wangu anaogopa kunitoboa. Jana sikutia kabisa."

Darubini akavuta kiti. Chaki akakaa, akalaza kichwa nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali akamwachia dada yake uso. Alikuwa amezeeka. Darubini akavuta kope ya chini, akainua kichupa, akafumba jicho la kushoto bila kufikiri. Kwa jicho moja umbali haupimiki vizuri. Tone likaanguka puani.

"Hilo ni la pua," Chaki akasema. "Pua haiumwi."

"Nyamaza, usitikisike."

La pili likaingia. Akamwambia afumbe, akambana kwa kidole pembeni ya jicho, karibu na pua, kama alivyofundishwa, ili dawa isikimbilie kooni. Dakika mbili. Chini ya kidole chake alihisi jicho la mdogo wake linatetemeka, kitu kidogo cha moto, kama kifaranga. Akatamani dakika zile zisiishe, na papo hapo akatamani ziishe upesi, kwa sababu hakujua atasema nini baada ya hapo.

Chaki ndiye aliyesema, macho amefumba.

"Watoto wangu."

"Jumatatu. Nimekwenda juzi kuwaandikisha wote watatu. Sikukuuliza, najua nilipaswa kukuuliza."

"Jumatatu gani?"

"Hii."

 Kutoka kona ya kope, dawa au siyo dawa, kitu kilimtoka Chaki kikashuka mpaka sikioni, na hakukifuta.

"Na kama wanao?"

 Kidole cha Darubini kikaendelea kubana.

"Jicho la pili," Chaki akasema. "Tutachelewa kazini."